Mlima una stara kuliko ufuko



Juzi nilikuwa Mtaa wa Kongo na mtoto wa dada yangu. Kavuka na boti ya asubuhi kutoka Unguja kuja kununua vitu vya harusi, na mwenyeji wake ni mimi, kwa sababu naishi huku Posta tangu nilipoolewa. Kariakoo ya bi harusi mnaijua: mashuka, mapazia, seti za vikombe, kanga doti kwa doti, madira ya kuvaa nyumbani, na kila mlango "dada karibu, kuangalia bure". Jua la saa saba lilipotushinda tukakaa kwenye benchi la muuza juisi ya miwa, akatoa simu anionyeshe hoteli ya fungate. Ufukweni. Kitandani wamepanga mawaridi umbo la moyo, bwawa la kuogelea limetazamana na bahari, na bei ya usiku mmoja ikanifanya niirudishe ile simu taratibu kama sufuria ya moto.

Nikamuuliza, "Utaogelea?"

"Hapana, mama mdogo. Si pana watu."

"Sasa utakaa wapi?"

"Pana vivuli," akasema. "Na yeye anapenda maji."

Jibu hilo ndilo lililoniandikisha haya, maana kwenye vivuli hivyo nimeshakaa.

Niliolewa mwaka 2003. Fungate yetu ilikuwa siku tatu pwani ya mashariki ya Unguja, zawadi ya ndugu wa mume wangu, Allah awalipe kheri. Mahali pazuri, chakula kizuri, sina la kulalamikia. Lakini kila siku ilikwenda hivi: mume anaingia baharini, mimi nimekaa chini ya makuti na baibui langu. Wageni wanapita mbele yangu nusu uchi, nami natazama mchanga kwa sababu kila pengine pa kutazama ni haya tupu. Mume akitoka majini anakuja kuuliza, "Hujambo?" Namjibu sijambo. Anarudi majini. Siku ya pili alinionea huruma akakaa na mimi, tukawa wawili tunaotazama mchanga. Picha ninazo mpaka leo. Zote nimesimama, nimeipa bahari mgongo, nacheka kwa ajili ya picha.

Asije mtu akasema naisema vibaya bahari. Mimi ni mtoto wa kisiwani. Mama zetu wanaingia baharini na kanga zao, wanalima mwani, wanatanda dagaa, wanaokota chaza, na hakuna anayewatazama vibaya wala wao hawaoni haya. Ufuko wa hoteli ni jambo jingine. Ile ni bahari iliyopangwa kwa ajili ya mtu aliyevua nguo. Wewe uliyevaa unakuwa mgeni kwenye bahari ya kwenu, na umelipia.

Kwa hiyo rai yangu naitoa wazi. Bi harusi anayejistiri, mwenye pesa kidogo za fungate na mume ambaye ndiyo kwanza anaanza kumjua, apande mlima. Aende mahali ambapo nguo ndefu ndiyo nguo ya kazi, baridi inamtaka ajifunike, na macho ya watu yako kwenye njia, hayako kwake. Na mlima ninaoujua mimi, ulio karibu kuliko watu wanavyodhani, ni Uluguru pale Morogoro.

Sisi wa Unguja mlima hatuna, tusidanganyane. Tuna msitu wa Masingini, na kimo chake hakifiki hata mita 150. Tukisema "kule juu" tuna maana ya ghorofa ya pili. Ndiyo maana ukimtajia bi harusi wa kwetu mlima anaona Kilimanjaro, barafu, Wazungu na fimbo zao. Uluguru si hivyo. Ni milima ya kijani, yenye msitu na ukungu, sehemu ya safu ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa. Kilele kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kina zaidi ya mita 2,600. Vile vinavyouinamia mji wa Morogoro, Lupanga na Bondwa, vimepita mita 2,100. Na huna haja ya kufika kileleni kokote. Mimi sikufika.

Tulikwenda Agosti 2024, mimi na mume wangu, miaka 21 baada ya ile fungate. Treni ya umeme ya SGR ilikuwa imeanza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni mwaka huohuo, na nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 13,000. Hesabu hiyo nimeirudia kwa mtoto wa dada yangu mara tatu: bei ya doti chache za kanga nzuri, mnakwenda wawili. Na kwa anayetoka Unguja, boti inamshusha Posta hapa, stesheni ya treni haiko mbali, foleni ikikubali ni dakika chache za taksi. Ukipanda, omba kiti cha upande wa kushoto. Pugu, Soga, Ruvu, unavuka mto, halafu baada ya Ngerengere utaona kitu cha buluu kimelala upande wa kusini, mwanzo utadhani ni wingu la mvua. Wingu halitoki. Linakuwa kubwa, linapata mikunjo, linapata miti. Chini ya saa mbili tangu uondoke kwenye kelele za Posta, mlima uko dirishani.

Tulipanda kwenda Morning Side. Ni jengo la zamani la enzi za Wajerumani, limekaa peke yake kwenye bega la mlima, na njia yake inaanzia juu ya mji. Wenye miguu wanafika mapema. Sisi, kwa magoti yetu na kusimama kwetu kila mnazi (minazi haipo huko, nasema kwa mazoea), tulitumia kama saa tatu.

Na sasa nawaambia kilichonigeuza moyo. Nilidhani nitakuwa mwanamke peke yangu mlimani. Kumbe njia nzima ni ya wanawake. Walikuwa wanashuka, sisi tunapanda. Wamejifunga kanga, mitandio kichwani, na juu ya mitandio vikapu vya ndizi, mboga, maboga, matunda, wanateremka kwenda sokoni mjini kwa mwendo ambao mimi hata barabara ya lami siuwezi. Wengine miguu mitupu. Wengine mtoto mgongoni. Nami na raba zangu mpya nashika mti nahema. Hakuna aliyenitazama baibui langu mara mbili. Walichonitazama ni hema yangu, wakacheka, nami nikacheka.

Bibi mmoja alisimama kupumzisha mzigo. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza tunatoka wapi. Mume wangu akasema Dar es Salaam.

"Huko maji mnapata?"

"Tunapata, mama. Saa nyingine kwa mgao."

Akaonyesha kwa kidevu kijito kilichokuwa kinakata njia pale miguuni petu. "Ndiyo haya."

Akajitwika, akaenda zake.

Nilikaa na maneno yale safari nzima, na niliporudi nikauliza wanaojua. Ni kweli tupu. Vijito vya upande ule vinaingia mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu. Upande wa pili wa mlima, Mgeta na wenzake nao wanaishia Ruvu. Na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imejengwa kutoa kama lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili inatoka huko. Mvua hiyo nayo ina safari yake: upepo wa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii, unabeba unyevu mpaka unagonga mlima, unapanda, unapoa, unakuwa ukungu na mvua. Msitu unaishika ile mvua, unaiachia kidogokidogo mpaka kiangazi. Miti ikiondoka, maji yanashuka kwa siku moja na udongo wake, halafu mnakaa kavu.

Sisi wa Posta tunakujua kukaa kavu. Mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua, jiji likaingia kwenye mgao. Mimi naishi ghorofa ya nne. Tulikuwa tunapandisha madumu kwa ngazi, kijana wa madumu alikuwa anapanga bei kwa ghorofa, na wa nne tulilipa zaidi. Nilitia udhu kwa kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu madrasa nikayakumbuka yale tuliyofundishwa, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi haijazi hata lita. Madrasa tulikariri tukafaulu, tukarudi nyumbani tukafungua bomba likamwagika mpaka tunamaliza na miguu. Nilipolipia kila dumu ndipo nikajua mudi ni kiasi gani.

Sasa fikiria: miaka 20 na ushei natia udhu mara tano kwa siku kwa maji ya mlima ambao sijawahi kuuona, ulio chini ya saa mbili kutoka kwangu. Na fedha za kwenda ufukweni kutazama mchanga nilikuwa nazo.

Pale kijitoni tulitawadha. Maji baridi mpaka vidole vinauma. Adhuhuri tulisali juu, kanga mbili chini, mji wa Morogoro wote umelala mbele yetu kama mkeka wenye vumbi, na tukasali safari, rakaa mbili. Kabla ya hapo, tunapopanda, mume wangu alikuwa akisema takbira kila tukifika pa kupumzikia. Nilidhani ni kuchoka. Akanikumbusha kwamba masahaba walikuwa wakipanda mwinuko wanaleta takbira, wakiteremka wanaleta tasbihi. Mimi nilikuwa nimeisoma hiyo, ila nilikotoka hakuna mwinuko wa kuitumia. Mwinuko wetu mkubwa ni ngazi za boti.

Halafu, tumekaa tunakula mihogo ya kuchoma iliyokwishapoa, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia kwa miaka 21. Kwamba zile siku tatu za pwani na yeye zilimtesa. Kwamba kila akitoka majini ananiona nimekaa mweusi peke yangu kivulini, alikuwa hajui afanye nini, anarudi majini kwa kukosa la kusema. Alikuwa na miaka 26. Alidhani nimejuta kuolewa naye. Nami nilidhani yeye amejuta kuoa mtu asiyeogelea. Tumekaa na hayo tangu 2003, jamani, tumezaa watoto watatu juu yake.

Simwambii mtu kwamba mlima unatibu ndoa. Ila najua ufukweni tusingeyasema. Mlimani mnafanya kazi moja. Anatangulia anakupa mkono kwenye jiwe, mbele kidogo yeye anateleza wewe unamshika. Mnahema pamoja, na mtu anayehema hana nguvu za kujifanya. Kwa wawili ambao hadi juzi walikuwa wanazungumza kwa simu na mbele ya wazee, huo ni mwanzo bora kuliko kila mtu na kivuli chake. Bibi Aisha, Allah amridhie, alishindana mbio na mumewe safarini. Tunaihadithia sana kisa hiki kwenye mawaidha ya harusi. Halafu tunawapeleka maharusi mahali ambapo bi harusi hawezi hata kutembea kwa raha.

Jambo jingine la huko ambalo bi harusi atalipenda. Waluguru ni watu wa kwa mama. Ukoo unafuata mama, na kwa mila yao ardhi nayo inafuata ukoo huo. Wale wanawake wa vikapu wengi wao shamba lile lilipita kwa bibi na kwa mama mpaka kwao. Mambo yanabadilika, sheria na dini na pesa vyote vimeingia, lakini bado utamsikia mwanamke wa huko akisema "shamba letu" kwa sauti ambayo si ya kuazima. Mtoto wa dada yangu niliposimulia hili alinyamaza akahesabu vikombe vyake upya.

Sasa nije kwa wanaopinga, kwa sababu wapo, na wa kwanza ni shangazi yake. Kasikia, kapiga simu usiku. "Unataka kumpandisha mwari mlima, na singo lake na hina yake, akavunjike mguu? Na huko si kuna mizimu?" Nikamwambia, shangazi, mguu unavunjika hata Darajani. Kuhusu mizimu, Waluguru wana mapokeo yao na sehemu wanazoziheshimu, na mgeni mwenye adabu anapita njia aliyoonyeshwa, hasemi ovyo, haokoti ovyo. Hayo hata kwa jirani yako unayafanya. Hakuridhika. Alichokubali ni kuwa hina ya miguu haitaharibika ndani ya soksi.

Hoja ya pili ni ya mwenye kusema safari ya mwanamke ina masharti yake. Sawa kabisa, na ndiyo maana nazungumza na bi harusi, ana mume pembeni. Asiye na mume aende na kaka yake, baba yake, mjomba wake. Mwaka jana tuliwachukua binti yetu na mdogo wake wa kiume. Kijana alilalamika njia nzima kuhusu mtandao, dada mtu akamwacha nyuma.

Hoja ya tatu inanigusa zaidi, kwa sababu ni ya kweli na hakuna anayeiandika: choo. Wanaume wanaosimulia mlima hawaisemi. Njiani vyoo hakuna. Kwa hiyo unakwenda haja mjini kabla ya kuanza, unakunywa maji kidogokidogo na si kwa mkupuo, na kama uko kwenye siku zako unabeba pedi za kutosha na mfuko wa kurudi nazo. Usizitupe msituni. Ikibidi, kanga moja na mume anayegeuka nyuma vinatosha, na hilo nalo ni somo la ndoa. Akikuchekea ovyo ovyo siku hiyo, umejua mapema.

Mavazi: baibui la kuburura liache hotelini. Vaa dira fupi kidogo au baibui la kawaida lililoishia kwenye kifundo, suruali pana chini yake, mtandio wa pamba usioteleza, pini mbili badala ya sita. Raba zenye meno chini. Sweta, na usinicheke: Agosti kule juu nilitetemeka. Usiende masika, Machi hadi Mei, udongo wa Uluguru ukilowa ni sabuni. Juni mpaka Septemba ni salama zaidi. Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, hekta zaidi ya 24,000, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo mnaanza kwa kuchukua kibali mjini na kupewa mtu wa kuwaongoza. Msimkwepe mwongozaji kwa kutaka faragha. Wetu alitembea mbele hatua hamsini bila kuambiwa, akijua kabisa watu waliooana wanataka nini. Ndiye aliyetuambia habari za ndege mwenye kichwa cheusi na tumbo la njano ambaye duniani kote hapatikani isipokuwa kwenye milima hii. Hatukumwona. Tulisikia kitu kikiita kwa mbali, akasema labda, na hiyo "labda" yake niliipenda kuliko wale waongozaji wanaokuhakikishia kila kitu. Akatuonyesha pia majani yenye manyoya kwenye mwamba wenye unyevu, jamaa ya yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya wanayauza kwenye vyungu vya dirishani. Asili yake ni huku kwetu, na mimi maua yangu ya dirishani Posta ni ya plastiki, kutoka Kariakoo.

Sitaki kuupamba mlima kuliko ulivyo. Karibu na mji miteremko mingi imelimwa mpaka juu, na sehemu zimeungua. Njiani tuliokota chupa za maji na karatasi za biskuti mpaka mfuko ukajaa, na hizo hazikutupwa na akina mama wa vikapu, zimetupwa na sisi wa kupiga picha. Nao wanaolima siwezi kuwanyooshea kidole kwa urahisi. Mboga wanazolima nazila mimi. Mtu wa mlimani akiambiwa aache mti usimame ili Posta wapate maji, ana haki ya kuuliza Posta wanampa nini. Jibu langu ni dogo: nunua kwake. Usibishane naye bei ya ndizi kama unavyobishana Kariakoo. Lipa kibali, mlipe mwongozaji, lala nyumba ya wageni ya mjini. Fungate ya usiku mbili kwa namna hiyo inaacha pesa kwenye mikono inayolinda maji yako, na bado hamjafikia nusu ya bei ya yale mawaridi ya kitandani.

Na mkaa. Kila harusi yetu ya bara ina magunia ya mkaa nyuma ya nyumba kwa ajili ya pilau. Mwingi unatoka kwenye misitu ya tambarare, si kwenye hifadhi ile, najua. Lakini baada ya kushuka kule siwezi tena kuona gunia bila kuhesabu miti, na nimemwambia dada yangu pilau ya bintiye nitaisimamia mimi, kwa gesi. Amesema pilau ya gesi haina harufu. Tunaendelea kuzozana.

Bwana harusi mwenyewe nilimpigia, kwa ruhusa ya mtoto. Kijana mpole, anafanya kazi bandarini. Akasikiliza yote, akasema, "Sasa mama mdogo, nitaogelea wapi?" Nikamwambia kuna vijito, ataingia miguu. Akacheka. Halafu akanyamaza kidogo akauliza, "Yeye kasema hataki pwani?"

Nikamjibu, "Muulize yeye. Lakini muulize vizuri. Akikwambia kuna vivuli, hilo si jibu."

Sijui wameongea nini. Harusi ni Mfungo Tatu, in shaa Allah. Hoteli ya ufukweni bado haijalipiwa. Jana asubuhi, kabla hajapanda boti kurudi Unguja, tulirudi Mtaa wa Kongo kwa dakika kumi tu, akanunua raba, elfu ishirini na tano baada ya kubishana sana, rangi ya udongo ili zisionyeshe matope. Kachukua jozi mbili. Ya pili namba 43.